Waya Kati ya Nyumba Mbili za Kasubi

Asubuhi niliyoondoka Jinja sikuwa na mpango wowote. Niliamka, nikasikia jirani akifagia saruji kama alivyoifagia jana na juzi, nikaona siwezi kuusikia ufagio ule tena. Nikakunja nguo zangu, nikafunga ndani yake koleo la kubania plagi za kebo, nikatoka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, kwa sababu mwalimu alikuwa akijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, na yale niliyouliza mimi yalimchosha. Tangu hapo nilikuwa nakaa mahali mpaka nijue kitu cha pale kinavyofanya kazi, kisha nahama. Busia kitu hicho kilikuwa kinu cha kusaga mahindi, Tororo redio, Jinja kompyuta za duka moja la intaneti ambako niliajiriwa kupiga deki, nikaishia kuzifungua. Mambo ya kwetu nyumbani hayahusiani na habari hii, nayaacha. Gari la kwanza kusimama mbele yangu lilikuwa la Kampala. Lingekuwa la Mbale, ningekwenda Mbale.

Mwezi uliopita simu yangu ililia hapa Eldoret ninapoishi sasa, kwa muda. "Mkenya," sauti ikasema, na duniani ni wanawake wawili tu waliowahi kulifanya hilo kuwa jina langu. "Mwenzangu amekwenda." Alikuwa Mama Akello, na aliyekwenda alikuwa Mama Rehema. Nilipofika Kampala walikuwa wamekwisha kumzika, maana Waislamu hawangoji, lakini mikeka ilikuwa bado imetandikwa na watu wanaingia kutoa pole. Na waliyekuwa wakimpa mkono kwanza, kabla ya watoto, alikuwa Mama Akello, Mkatoliki, rozari imezunguka kiganja chake, amekaa katikati ya wanawake wenye mitandio kama mtu aliye kwake. Mjukuu mmoja alikuwa akipiga picha kwa simu na kuzituma kwa shangazi yake ng'ambo, moja baada ya nyingine, bila hata kuangalia. Nikamwambia kwamba kupeleka ukurasa mmoja tu kutoka nyumba hii mpaka ile kuliwahi kunichukua sehemu kubwa ya mwaka. Akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Ndipo nikaamua kuandika.

Siku ile ya kwanza nilishuka, nikatembea bila kuuliza njia, na jua lilipokuwa kali nilikuwa Kasubi. Nilimwuliza mwanamke mmoja anayeuza makaa kama anajua chumba cha kupanga. Akaniangalia kuanzia viatuni. "Kwa wajane wa Afande iko chumba," akasema. "Lakini wewe utaweza?" Nikamwuliza kuweza nini. "Kukaa katikati, nyabo," akaniita kama Waganda wanavyomwita mwanamke yeyote. " Kukaa katikati."

Afande alikuwa polisi mstaafu, mtu wa upande wa Arua, na alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Katika ua wake kulikuwa na nyumba mbili ndogo zinazotazamana. Upande wa kushoto alikaa Mama Rehema, mke mkubwa, wa kwao Arua, Mwislamu. Upande wa kulia Mama Akello, mke mdogo, Mwacholi wa Kitgum, aliyeolewa na kubaki na misa yake. Mwisho wa ua, kati ya nyumba hizo, kulikuwa na chumba kikubwa alichokuwa akipokelea wageni wake: kiti cha mbao chenye mikono mipana, ndoano ya kofia ukutani, harufu ya mafuta ya kung'arishia viatu ambayo haikutoka hata nilipopaka chokaa. Wake hao hawakuwa wamepigana. Walikuwa tu hawasemezani. Maisha yao yote Afande ndiye aliyebeba maneno kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na alipokufa maneno yakabaki yamesimama kila mtu mlangoni kwake. Kile chumba hakuna aliyekubali mwenzake akichukue, kwa hiyo wakakubaliana, kupitia kwa shemeji yao, apewe mtu baki.

Jioni ya kwanza Mama Rehema aliniletea kisira, mkate mwembamba wa mtama, laini kama kitambaa, na mchuzi wa bamia. Alipokwisha kuingia kwake na kufunga mlango, Mama Akello akatoka na kalo, ugali wa wimbi, na malakwang, mboga chachu iliyopondewa simsim mpaka ikawa nzito. Nilikula vyote viwili, siku hiyo na nyingine nyingi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza cha mwenzake kilikuwaje. Lakini walipokuja kuchukua vyombo, kila mmoja alikitazama kile kisicho chake kuona kimebaki nini.

Kila nyumba ilikuwa na kompyuta. Mama Rehema alijifunza kupiga chapa zamani, akiwa karani, na sasa aliandika na kuchapisha kadi za harusi, mitihani ya shule za chekechea, barua za kuomba kazi. Printa ilikuwa kwake. Mama Akello alikuwa na laini ya simu, ambayo Afande aliivuta kwake kwa sababu nguzo ilikuwa upande huo, na kupitia laini hiyo alikuwa na intaneti. Watu walikuja kwake kuandikia ndugu walioko London na Toronto. Mteja wa Mama Akello akitaka kuchapishiwa barua, ilibidi ainakili kwenye disketi, atoke, avuke ua hatua chache, abishe kwa Mama Rehema. Na Mama Rehema, ambaye binti yake Rehema alikuwa masomoni Khartoum, alikuwa akivaa viatu na kwenda mjini kulipia intaneti ili asome barua za mtoto wake, huku intaneti iko mkabala na dirisha lake. Mimi nilipoingia, wateja wakapumzika. "Mkenya, peleka hii kule." "Mkenya, waambie kule waweke karatasi nzuri." Kule. Jina halikutajwa. Mwanzoni mimi ndiye niliyekuwa waya.

Nilichoka, kusema kweli, lakini zaidi ya kuchoka nilitaka kujua kama inawezekana. Dukani Jinja nilikuwa nimeona kompyuta nyingi zikiunganishwa kwa kifaa kimoja katikati. Mbili tupu, ana kwa ana, sikuwahi kuziunganisha. Nikamwuliza Mama Rehema. Akaendelea kuchambua mchele. "Mimi sikatai," akasema, "kama hata kule hawakatai." Nikavuka ua. Mama Akello akasema, "Wewe umetumwa?" Nikasema hapana. "Basi mimi pia sikatai. Lakini asije akasema ni mimi niliomba."

Kompyuta mbili zikiunganishwa hivyo huhitaji waya ambao ncha zake hazifanani. Upande mmoja nyuzi za rangi ya chungwa na za kijani hubadilishana nafasi, ili kile ambacho hii inakisema kifike pale ambapo ile inasikiliza. Ukizipanga sawasawa pande zote mbili, mashine zote mbili zinasema kwa pamoja na hakuna inayosikia. Mara ya kwanza nilizipanga sawasawa. Mara ya pili nilipatia, taa ndogo ya kijani ikawaka nyuma ya kila mashine, na nilicheza peke yangu uani, kuku wakakimbia. Nilikuwa nimeuvuta waya juu, kutoka dirisha hadi dirisha. Kesho yake nilirudi nikakuta taa zimezimika, na kwenye waya gomesi mbili za Mama Akello, yale magauni mapana ya wanawake wa Uganda, zimeanikwa, maji yanadondoka.

"Mama, hiyo si kamba ya nguo!"

"Sasa kamba gani inapita katikati ya ua na haina nguo?" akasema. "Mimi nilifikiri umetuletea maendeleo."

Kutoka dirisha la kushoto nilisikia kicheko, kimoja tu, kilichomezwa haraka. Mama Akello aligeuka kutazama, lakini pazia lilikuwa limeshuka. Nikatafuta mpira wa zamani wa kumwagilia maji, nikaupitisha waya mpya ndani yake, nikachimba mfereji mwembamba, nikaufukia.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa barua ya mteja mmoja wa Mama Akello. Mama Akello alibonyeza, tukangoja, na ng'ambo ya ua tukaisikia printa ikianza kukwaruza kama kuku anayetafuta punje. Mama Rehema alitoka mlangoni, karatasi mkononi ameishika kwa ncha mbili kama mtoto mchanga wa mtu mwingine. Hakuvuka. Aliinua juu tu ionekane. Mteja akaenda akaichukua. Na jioni hiyo, intaneti ya kule ikimfikia kwa waya uleule, Mama Rehema aliketi mbele ya mashine yake, akaisoma barua ya Rehema kutoka Khartoum, nyumbani, miguu bila viatu. Aliisoma akiwa amenyamaza, kisha akaisoma tena kwa sauti, na nadhani aliisoma kwa sauti kubwa kuliko nilivyohitaji mimi niliyekaa karibu yake.

Habari ingeweza kuishia hapo. Lakini sasa walitegemeana, na mtu unayemtegemea ana njia nyingi zaidi za kukuumiza, hata asipotaka. Mara kwa mara printa ilikuwa ikifa bila sababu katikati ya kazi. Mara kwa mara intaneti ya Mama Rehema ilikuwa ikikatika, na mara nyingi Jumapili, siku ambayo Rehema alikuwa na nafasi ya kuandika. Nilikagua waya, nikakagua plagi, nikabadilisha ncha. Kila nilipokuja kukagua kila kitu kilikuwa sawa.

Siku moja alikuja mwanamume kutoka Mulago, baba yake amefia hospitalini, gari la kupeleka maiti kijijini linamngoja barabarani, anataka nakala za ratiba ya mazishi. Mama Akello alimwandikia vizuri, na picha ya mzee juu. Zikatoka chache, kisha kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Yule mtu akasimama, akakaa, akasimama. Mama Akello akatoka nje na kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mumewe akasema moja kwa moja na ule mlango wa kushoto, ila si kwa namna ambayo mtu angependa.

"Banange, jamani, hata maiti unaionea wivu? Nichukie mimi! Huyu mtu amekukosea nini?"

Mlango haukufunguka mara moja. Ulipofunguka, muda ulikuwa umepita, yule mtu ameondoka na nakala zake chache, na Mama Rehema alisimama kizingitini uso umekauka. "Mkenya," akasema, akinitazama mimi, "mwulize huyo, ni nani anayenikatia mtoto wangu kila Jumapili?"

Majirani walisikia. Habari zikamfikia shemeji yao, Mzee Juma, mdogo wake Afande, mwanajeshi wa zamani aliyekaa Bombo. Alikuja na fimbo na kikohozi, akaketi kwenye kiti cha marehemu chumbani kwangu, akawaita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. "Huyu ananipigia simu analia, yule ananipigia simu analia," akasema. "Kaka yangu aliacha boma, hakuacha vita. Mvua zikiisha nitakuja na wazee. Kama bado hamsemezani, tunauza. Kila mmoja apate chake, arudi kwa watu wake, apumzike. Na mimi nipumzike." Mama Rehema alikuwa hajaishi Arua tangu ujana wake. Mama Akello, watu wake wa Kitgum walikuwa bado kambini kwa sababu ya vita. Wote wawili walitazama sakafu. Hakuna aliyekuwa na mahali pa kurudi, na hakuna aliyelisema hilo mbele ya mwenzake.

Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukagua nyaya zote, nikaanza kuwakagua watu. Niliweka kigoda mlangoni kwangu nikakaa nikimenya maharagwe, nikitazama nyumba hizi mbili kama nilivyokitazama kinu cha Busia. Adhana ya adhuhuri ikalia msikitini. Ndani kwa Mama Rehema nikasikia sauti ya kompyuta ikishuka, ikazimika. Baadaye kidogo ikawashwa. Alasiri, hivyo hivyo. Nikaingia kumwuliza. "Mimi sisali na kitu kinanguruma nyuma yangu," akasema. "Afande alitufundisha: wakati wa swala kila kitu nyumbani kisimame wima." Nikamwambia kwamba akizima, printa ya Mama Akello inakufa. Akanitazama. "Ile ni printa yangu." Nikasema ndiyo, lakini kazi inapitia mashine yake. Akaketi kitandani. "Yule wa maiti," akasema polepole. "Alikuja alasiri."

Jumapili nikamtazama Mama Akello akiondoka kwenda misani, amevaa gomesi yenye mshipi mkubwa. Alifunga madirisha, kisha akanyoosha mkono juu ya mlango akashusha swichi kubwa ya umeme. Tik. Nyumba yote ikalala, modemu pamoja nayo. "Ukitoka, zima," aliniambia nilipomwuliza. "Marehemu alikuwa anarudi kutoka hata stendi ya gari kuja kuangalia kama nimezima." Nikamweleza. Akaenda misani, na aliporudi hakula.

Ningeweza kuwafundisha mambo ya kitaalamu, na nilijaribu. Nilimwambia Mama Rehema azime kioo tu. Akasema roho ya mashine bado iko mle ndani, anaisikia. Basi nikaacha. Na Jumatatu, nikiwa kigodani pangu, niliona Mama Akello amesimama dirishani kwake, mkono kwenye fremu, mteja nyuma yake anangoja. Akakohoa. Akasafisha koo tena. Kisha akapaza sauti ng'ambo ya ua:

"Mama Rehema! Umeshasali?"

Hata yule mteja aligeuka.

"Bado!"

"Kale, sawa. Nangoja."

Baadaye: "Mama Akello! Haya, tuma!"

Hayo tu. Lakini kuanzia siku ile ua ule ukawa na sauti. "Umeshasali?" "Niko kwa udhu, tuma haraka!" "Kurasa ni nyingi!" "Basi ngoja, Mungu hangoji, wewe utangoja!" Na Jumamosi jioni kutoka dirisha la kushoto: "Kesho misa gani, ya kwanza ama ya pili?" "Ya pili, ile ya padri wa maneno mengi!" "Basi niachie ufunguo nikawashe umeme, Rehema anaandika asubuhi!" Ufunguo ulivuka ua mikononi mwa mwenyewe. Mimi sikutumwa tena. Siku ya kwanza niliyogundua kwamba saa nzima hakuna aliyeniita, nilijisikia kama mtu aliyeachishwa kazi, na nikafurahi.

Mvua ziliisha. Mzee Juma alikuja na wazee wawili, wakajaa chumbani kwangu, wake wawili wakaketi kwenye mkeka, mimi mlangoni na birika la chai ya tangawizi. Alizungumza kwa huruma. Alisema amepata mtu wa kununua, mtu mwema. Alisema watu wawili wasiosemezana wakiwekwa uani pamoja huzeeka haraka. Wanawake walikuwa wamenyamaza kwa heshima, kama mtu anavyonyamaza mbele ya wazee, na ule ukimya kwake ulikuwa ndio ushahidi. Nilitaka kusema kitu lakini mpangaji hana kauli. Ndipo adhana ya alasiri ikalia. Mzee Juma akaanza kuinuka, ameshika kiti. Mama Rehema naye akajikusanya, na kabla hajasimama akamgeukia mwenzake.

"Ulikuwa umetuma kitu?"

"Mtihani wa ile shule. Imebaki kurasa kidogo."

"Si ungesema mapema? Kila siku wewe ni saa ya swala!"

"Wewe nenda usali kwangu. Kwangu hakuna kitu kinanguruma, nimezima yote, kazi imeshafika kwako. Mimi nitakaa kwako nitoe karatasi. Na ile picha ya Bikira nitageuza."

"Acha tu, hainisumbui. Mkeka uko wapi?"

Mzee Juma alikuwa amesimama nusu. "Nyinyi," akasema. "Nyinyi mnasemezana?"

Mama Rehema akamtazama kama mtu aliyeuliza kama maji yana unyevu. "Sasa shemeji, tusiposemezana, karatasi itatoka namna gani?"

Mmoja wa wazee akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanzu. Mzee Juma alikaa tena kitini kwa kishindo. "Mmenitoa Bombo bure," akasema, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Kisha akaenda kusali, na habari ya mnunuzi haikuzungumzwa tena, siku ile wala baadaye.

Walikuja kwangu pamoja baada ya wiki chache, na walivyokuja pamoja nilijua kabla hawajasema. Mama Akello alikitazama chumba, akapima kwa macho kutoka dirishani hadi mlangoni. "Mkenya, bambi, pole, hii chumba ni kubwa kwa mtu mmoja." Mama Rehema akasema wamechoka kupiga kelele kama wauza samaki. Kama mashine zote mbili zingekaa hapa, meza kwa meza, mmoja akienda kusali mwingine yupo, mmoja akienda misani mwingine yupo. Walisema naweza kukaa mpaka nipate pengine. Walikuwa na aibu kweli. Mimi nilikuwa natabasamu. Niliwasaidia kubeba meza, nikawakatia waya mfupi usiofika hata urefu wa mkono, nikauunganisha. Nilipokuwa nafunga mzigo wangu walikuwa tayari wanabishana dirisha liwe wazi au lifungwe, na nani akae upande wa kiti cha Afande.

Nilitoka asubuhi, nikaenda nilikoelekea. Jioni nilikuwa Ggaba, ambako ziwa linaonekana kati ya paa za mabati na hewa yote ni samaki wa kukaangwa. Mwanamke mmoja mwenye mikono iliyojaa magamba alinionyesha chumba nyuma ya banda lake, kitanda, msumari wa kutundikia nguo, dirisha dogo linalotazama maji. Nikasema nakichukua. Akafuta mikono kwenye kitenge, akanikagua.

"Kwanza," akasema, "ukiugua mimi nimwite nani? Una watu hapa Kampala?"

Nilikuwa nimeulizwa swali hilo Busia, Tororo na Jinja, na kila mahali nilisema sina.

"Nina mama wawili," nikasema. "Wako Kasubi."

"Wawili? Boma moja?" Akainua nyusi. "Na wanapatana?"

"Wanagombana kila siku."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la kuaminika, akanipa ufunguo.